Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule

Methali isemayo "baada ya dhiki faraja" ni miongoni mwa zile zinazotamkwa pwani bila kufikiriwa. Husemwa matangani, husemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, huandikwa kwenye khanga, na anayeambiwa huitikia kwa kichwa. Uzito wake wote umo katika neno la kwanza. "Baada" huiweka faraja ng'ambo ya pili: dhiki ipite kwanza, ndipo faraja ije. Kwa mtu ambaye mwisho wa dhiki yake unaonekana, methali hii inatosha. Lakini aambiwe nini yule ambaye dhiki yake haina "baada"? Aambiwe nini mama anayejua kwamba hatapona, na mtoto anayejua kwamba mama yake hatapona?

Swali hili halikuulizwa kwanza na washairi. Liliulizwa na maisha yenyewe, na mahali lilipoulizwa mapema na kwa ukali kuliko pengi ni magharibi ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Bukoba na Muleba. Jibu lililotolewa huko lina jambo la kuifunza fasihi ya Kiswahili, hata ile ya visiwani iliyo mbali na ziwa hilo.

Mkoa wa Kagera umepata misiba yenye tarehe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliangusha nyumba na madarasa. Misiba ya namna hii ni mikubwa, lakini kila mmoja una siku yake: watu hulia pamoja, huitaja tarehe, hujenga mnara. Ndiyo misiba iliyotungiwa ile methali nyingine, "kifo cha wengi harusi".

Ukimwi haukuja hivyo. Wagonjwa wa kwanza kuripotiwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Ilipofika 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa wake, na Zanzibar nayo ikaandikisha wa kwanza mwaka huo huo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24.2 katika kila 100 walikuwa na virusi. Yaani karibu mmoja katika kila wanne. Watu hao hawakufa siku moja. Walikufa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikawazika wake katika kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, kama ilivyo desturi ya Wahaya. Kifo kilikuwa cha wengi, lakini harusi haikuwapo, kwa kuwa kila nyumba ilibeba aibu yake peke yake.

Fasihi ya kwanza ya maradhi haya ilikuwa ni majina yake. Kagera uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa ambacho kiliingia kwa magendo kutoka Uganda katika miaka ya uhaba iliyofuata vita. Jina hilo lilikuwa na hadithi nzima ndani yake: mpaka, biashara, tamaa, mwanamke na nguo mpya. Baadaye mitaa ya Tanzania ikaongeza mengine. Mgonjwa akasemwa kuwa "ana ngoma" au "amekanyaga miwaya". Yatazamwe majina haya kama yanavyotazamwa maneno ya shairi. Yana ucheshi, yana ufundi, na yote yana kasoro moja: yanatoka kinywani mwa mtazamaji. Hakuna hata moja ambalo mgonjwa angelitumia kumwambia mwanawe kinachomsumbua. Ni majina ya kusengenyea.

Ushairi wa magazetini ulipoingia katika mada hii, katika miaka ya 1980 na 1990, uliyaacha majina ya mtaani lakini ukabaki pale pale pa mtazamaji. Mashairi mengi ya wakati ule ni ya onyo. Ubeti wa kwanza huitangaza hatari, beti za kati huhesabu waliokwisha kwenda, ubeti wa mwisho huwaasa vijana, na kibwagizo huamuru watu wajihadhari. Si haki kuyadharau. Onyo ni kazi ya kale ya mshairi wa Kiswahili, na katika janga lile lilikuwa la lazima. Mjini Bukoba kiwango cha walioambukizwa kilishuka hadi 18.3 katika kila 100 mwaka 1993, kisha 13.3 mwaka 1996. Sehemu ya upungufu huo, kwa masikitiko, ni watu waliokwisha kufa. Lakini maambukizo mapya nayo yalipungua, na hayapungui mpaka watu wabadili mwenendo. Yumkini shairi moja au mawili yalisaidia.

Hata hivyo, shairi la onyo huzungumza na nani? Huzungumza na mzima. Mgonjwa ndani yake ni mfano, tena mfano mbaya. Hutajwa ili wengine watishike. Akilisikia redioni akiwa amelala, anajisikia mwenyewe akitumiwa kama kinyago cha kutishia watoto, na mwanawe aliyeketi mlangoni anasikia vilevile. Ubeti wa kumwambia mgonjwa ni adimu, na wa kumwambia mtoto wake ni adimu zaidi. Huo ndio upungufu ambao uhakiki hauna budi kuutaja: kwa miaka mingi ushairi ulikuwa na maneno ya kuzuia msiba, lakini haukuwa na maneno ya kukaa nao chumba kimoja.

Tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa mwaka 2006 na kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania, ilisogea hatua moja muhimu. Furaha, msichana aliyekufa, ameacha barua yenye orodha, isomwe siku ya mazishi yake. Wanaume wa kijiji wanatetemeka, kila mmoja akidhani jina lake limo. Barua inaposomwa, orodha haikuwa ya majina ya watu bali ya mambo ambayo yangaliweza kumwokoa. Mbinu hii ina nguvu, kwa sababu inaigeuza hamu ya kusengenya dhidi ya msengenyaji: hadhira iliyokuwa ikingoja majina inajikuta inapewa wajibu. Zaidi ya hayo, marehemu amepewa kauli. Si kinyago tena. Lakini mshairi anayesikiliza vitenzi ataona mpaka wa kazi hiyo. Orodha ya Furaha imejengwa juu ya "-ngali-", kiambishi cha jambo lililokwisha kupotea. Ni orodha ya hekima, lakini hekima yake inawafaa walio nje ya jeneza tu.

Kabla ya tamthilia hiyo kuandikwa, Muleba ilikuwa imekwisha kupata maandishi ya aina nyingine, mafupi mno kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kuyahakiki. Ni majina ya vikundi. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Nshamba, ulianzishwa mradi wa kuwasaidia yatima, si kwa chakula na karo tu bali kwa majonzi yao. Ukaitwa Humuliza. Ni neno la Kihaya, na maana yake ni kufariji. Sikio la Mswahili lililozoea kutembea baina ya lugha litatambua udugu humo. Herufi "h" ya Kihaya mara nyingi husimama mahali pa "p" ya Kiswahili: kupa ni "okuha". Kwa hiyo nyuma ya "humuliza" zinasikika "pumua" na "pumzika" za Kiswahili. Kumfariji mtu, kwa lugha hiyo, ni kumfanya avute pumzi. Hakuna ahadi ya kesho ndani yake. Kuna kifua kilichobanwa, na mtu mwingine anayekifungulia nafasi sasa hivi.

Kiswahili nacho kinalijua jambo hili, ingawa kimelisahau. Tumaini, kwa matumizi ya leo, ni kutazamia jema lijalo. Lakini asili yake ya Kiarabu ni ile ile ya itminani, utulivu wa moyo. Aliyetumaini, kwa asili ya neno, ni aliyetulia, wala si anayengoja. Na watu wa pwani waliohifadhi Sura ya 94 tangu wakiwa chuoni wanakumbuka kwamba wepesi uliotajwa mle umewekwa pamoja na uzito, wala haukuwekwa baada yake. Methali ndiyo iliyoweka "baada". Humuliza ya Nshamba, bila ya kukusudia, ililirudisha neno mahali pake.

Mwaka 2000 yatima wa Nshamba walikuwa na chombo chao, kilichoendeshwa na vijana wenyewe, kwa jina la Vijana Simama Imara. Mwalimu wa sarufi atalikosoa mara moja: vijana ni wengi, basi ingepasa kuwa "simameni". Na libaki lilivyo. "Simameni" ni amri ya jemadari kwa kikosi. "Simama", katika umoja, humfikia kila mmoja kwa zamu yake, kama mtu anayeitwa kwa jina. Yatima hawezi kujificha katika wingi wa yatima. Baba aliyekufa ni wake, kibanja kinachogombaniwa ni chake, na wadogo wanaolia usiku ni wadogo zake. Kosa hilo la sarufi lina ukweli ambao usahihi usingeweza kuubeba. Kando ya vijana kulikuwa na kikundi cha watoto, kilichoitwa Rafiki Mdogo. Hapa pia neno "yatima" halimo. Mtoto alipoulizwa anakwenda wapi alikuwa na jibu lisilomtia aibu njiani.

Mwaka 2003 wakafuata wazee. Ugonjwa ulikuwa umeondoa kizazi cha kati, na waliobaki na watoto ni bibi, wengi wao wakiwa katika umri ambao wao ndio walistahili kulelewa. Mradi uliozaliwa hapo Nshamba uliitwa Kwa Wazee, na ulifanya jambo moja jepesi: uliwapa pensheni ndogo kila mwezi, fedha taslimu, wakaamua wenyewe matumizi. Tathmini ya mradi huo ilichapishwa mwaka 2008 kwa Kiingereza, na jina lake kwa Kiswahili ni "Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule".

Waandishi wa ripoti hawakukusudia kutunga shairi. Lakini maneno hayo yanastahili kusomwa kwa makini unaopewa shairi. Chumvi ni ya leo: bila chumvi, ndizi zilizopikwa zinaliwa kwa kuwa hapana budi, na nyumba inajiona imeshuka. Sabuni ni ya heshima: mtoto aliyefua shati anaketi darasani bila ya mwenziwe kusogea pembeni, na katika ugonjwa uliozungukwa na minong'ono, kutosogelewa ni nusu ya maradhi. Viatu vya shule ni vya kesho: ni kitu cha kwanza katika orodha kinachokwenda mahali. Tumbo, mwili, njia. Mpangilio huu unapanda kwa utaratibu ambao mtunzi hodari angejivunia, na bibi hahitaji kuambiwa kwamba ni wa matumaini. Ananunua chumvi jioni ile ile, dhiki ikiwa ingalipo ndani ya nyumba.

Mtu anaweza kutafuta mashujaa katika fasihi ya Wahaya, na atawapata. Tendi za nanga, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1986 na kuwaonyesha wasomi ukubwa wake, zimejaa wanaume wa vita na wafalme. Ni urithi mkubwa. Lakini bibi wa Nshamba mwenye wajukuu na jembe hana utendi katika nanga. Kwa ajabu, utendi unaomkaribia zaidi umetoka upande huu, katika visiwa vya Lamu, na umri wake unapita miaka 160.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu, naye alikuwa mgonjwa. Anasema mwenyewe kwamba maradhi yamemkalia mwaka mzima. Alifariki yapata mwaka 1860. Anamwita binti yake Mwana Hashima asogee na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumwambia. Karibu kila msomaji wa pwani anayajua haya, lakini ni wachache wanaoyasoma. Utendi umewekwa katika kabati la "adabu za mke", na toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lilisaidia kuufungia humo, kwa kuupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke peke yake. Tangu hapo mjadala umekuwa mmoja: je, Mwana Kupona anamfunza binti utii uliopita kiasi? Ni swali la haki, na jibu si jepesi.

Lakini anayeusoma utendi huo akitoka Muleba anaona kwanza kitu kingine. Anaona mama anayekufa na mtoto atakayebaki. Baba amekwisha kutangulia. Mama hana hakika ya muda. Hampi binti yake falsafa ya mauti, wala hamwambii asilie. Anampa hirizi na kidani vya maneno, kisha anaingia katika mambo madogo: ulimi utunzwe vipi, nyumba isafishwe vipi, manukato yatumiwe vipi, wakubwa na wadogo wakaliwe vipi. Wahakiki wengine wameziona beti hizo kuwa ni udogo wa mambo ya nyumbani. Bibi wa Nshamba angezitambua mara moja. Ni orodha. Ni chumvi na sabuni za Siu. Mama anayeweza kumwambia mwanawe "kesho asubuhi fanya hivi" anamwambia, bila kulitamka, kwamba kesho asubuhi itakuwapo, na kwamba yeye mtoto atakuwamo. Ndipo katika mwisho wa utendi anageukia dua na kuwakabidhi watoto wake kwa Mola. Kwanza kazi ya mikono, kisha mikono inainuliwa. Mwana Hashima aliishi hadi miaka ya 1930. Watu waliukuta utendi wa mama yake mikononi mwa mwanamke mzee. Kidani kilivaliwa miaka zaidi ya 70.

Hapana budi kuyakabili mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba usomaji huu unaweza kuyashusha matumaini yakawa ni mahitaji ya duka. Maskini naye ana haki ya kutamani makubwa, na mtu anayemwambia aridhike na sabuni anamwibia. Ni kweli, na ndiyo maana ni muhimu kuuliza orodha ni ya nani. Orodha iliyoandikwa na mfadhili ni posho. Orodha iliyoandikwa na bibi mwenye fedha yake mkononi ni maoni juu ya maisha. Ubora wa Kwa Wazee, kwa jicho la mhakiki, ni kwamba uliwaachia wanawake wale uandishi wa orodha yao. La pili ni kwamba chumvi haiponyi. Hili nalo ni kweli. Kilichogeuza mkondo wa mauti ni dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na hakuna ubeti unaoshindana nazo. Ila dawa hizo zilikuja miaka 21 baada ya wale watatu wa Ndolage. Katika miaka hiyo 21 watoto walipaswa kuamka, kuoga, kula na kwenda shule, na kuna watu waliowaamsha.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; na moyo huo hautoi vitu tu, hutoa na maneno. Kwa ushairi wa Kiswahili, funzo la Muleba si kwamba uache kuonya, wala si kwamba ugeuke hesabu za jikoni. Ni kwamba shairi la matumaini lipewe mtihani mgumu zaidi kuliko mizani na vina. Lisomwe chumbani mwa mgonjwa, mwanawe akiwapo. Iwapo mshairi ataona haya kulisoma hapo, basi shairi hilo halikuwa la matumaini. Lilikuwa ni shairi la wazima wakizungumza wao kwa wao. Mashairi mengi mazuri yatashindwa mtihani huu, pamoja na mengi yaliyokwisha kupata tuzo. Utendi wa Mwana Kupona ulishinda, kwa kuwa ulitungwa chumbani humo humo. Jina la kikundi cha yatima wa Nshamba, pamoja na kosa lake la sarufi, lilishinda pia: lingeweza kutamkwa mbele ya kitanda, polepole, kwa mtoto mmoja.